UZI: Kijivu kilichokolea nyumbani, kabla hujaagiza ndoo angalia jua linapita wapi

Fundi Rola (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Siku hizi nikiitwa kuangalia kazi, iwe Goba, Madale au Kigamboni, mwenye nyumba hanionyeshi ukuta kwanza, ananionyesha simu. Picha karibu ni ileile: nyumba ya paa la kujificha (lile linalozungukwa na ukuta lisionekane), kuta za kijivu kilichokolea, madirisha ya alumini nyeusi, taa za njano zimewashwa, na imepigwa jua likiwa limeshazama. "Fundi, nataka hii hii."

Rangi yenyewe naipenda na nimeipaka sana. Mlango wa mninga ukikaa kando yake unapendeza, TV ikizimwa inapotelea ukutani, geti haliombi kufutwa kila wiki. Shida ni kwamba watu wanaichagua kama wanavyochagua krimu, kwa kutazama kadi za rangi dukani. Krimu inasamehe, hii haisamehe. Inaamuliwa na mwanga: jua linapiga ukuta upi, saa ngapi, na usiku umewasha taa gani.

Nianze na nje, maana huko ndiko hela zinakoteketea.

Kadi za kampuni kubwa zina namba ndogo imeandikwa LRV. Hicho ni kipimo cha mwanga ambao rangi inaurudisha, kutoka 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Nyeupe za ukutani huwa 80 na zaidi. Sasa tazama hizi za kijivu watu wanazotumiana: Iron Ore ya Sherwin-Williams ni 6, Peppercorn ya haohao ni 10, Gauntlet Gray ni 17. Mwanga unaobaki ukuta unaumeza, na ukuta wa nje ukishaumeza unageuka joto.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Juni linahamia kaskazini, Desemba linahamia kusini. Lakini Desemba saa sita mchana linakuwa juu kiasi kwamba ukuta wa kusini wenye paa lililochomoza sentimita 90 unakaa kivulini karibu wote. Ukuta wa kaskazini mwezi Juni, kwa paa hilohilo, unapigwa nusu ya chini. Wanaoumia ni mashariki na magharibi, kwa sababu asubuhi na alasiri jua liko chini, linapenya chini ya paa na kuupiga ukuta usoni. Wa magharibi ndio mbaya kabisa. Unapigwa wakati hewa yenyewe imeshachemka, na tofali la inchi sita linaliachia lile joto ndani polepole, saa ileile mnayotandika kitanda.

Kwa hiyo mimi kijivu hiki nje nakipeleka ukuta wa kusini, ukuta wa ndani ya baraza, nguzo, geti, na ukanda wa chini wa ukuta. Magharibi nakataa, hata mteja akinuna. Na hebu fikirieni: hizi nyumba za paa la kujificha ndizo ambazo hazina paa lililochomoza kabisa. Rangi inayohitaji kivuli kuliko zote ndiyo tunaipaka kwenye nyumba isiyo na kivuli.

Jingine ni chumvi. Ukuta ukivuta maji kutoka chini, chumvi iliyomo kwenye tofali na plasta inatoka na maji, maji yanakauka, inabaki unga mweupe. Kwenye krimu huuoni mpaka usogee. Kwenye kijivu kilichokolea unaonekana ukiwa barabarani. Plasta mpya iachwe wiki nne angalau, ipigwe praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia alkali ya saruji, ndipo rangi. Anayetaka kupaka wiki ileile ya plasta ana haraka na hela yako, hana haraka na nyumba.

Ya ndani nitajibu mkiuliza. Karibuni.

MamaZuu

Fundi asante, umenigusa kabisa. Sebule yangu ina marumaru za krimu, milango ya mninga na mapazia rangi ya maziwa. Nikapaka kipande cha majaribio ukuta wa TV, kijivu kilichokolea ambacho dukani waliniapia hakina rangi nyingine ndani yake. Asubuhi ni kijivu safi, roho inatulia. Usiku ni bluu kama sketi ya shule! Baba Zuu anasema macho yangu. Dukani wanasema mashine yao haikosei. Nani mkweli hapo?

Kamera Tatu

Dada, mashine haijakosea na macho yako ni mazima. Mimi kazi yangu ni kupiga picha nyumba za kupangisha, kijivu kinanitesa kila siku.

Angalia kwanza boksi la balbu zako. Nyingi za bei nafuu mjini ni nyeupe kali, zimeandikwa 6500K. Mwanga huo una bluu nyingi, na kijivu hakina rangi yake ya kujitetea, kinabeba chochote kinachokiangukia. Weka balbu ya 3000K, ile ya njano, sehemu hiyo moja, utazame usiku huohuo kabla hujagombana na muuzaji.

Kisha kuna majirani. Mninga unavuta kwenye chungwa, marumaru zako zinavuta kwenye njano. Jicho likizungukwa na chungwa nyingi, kijivu kilicho pembeni linakisukumia upande wa bluu. Jambo hili ni la zamani sana. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, pale wanapofuma mazulia ya kutundika ukutani. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina kasoro, ni rangi zilizofumwa kando yake ndizo zinazozibadilisha machoni mwa mtu. Kitabu chake kikatoka 1839. Sisi mpaka leo tunagombana na wauza rangi.

Ukitaka kujua kama ndoo yenyewe ina bluu, tafuta kadi ya kijivu ya wapiga picha, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ibandike ukutani mchana, mahali pasipo na jua la moja kwa moja, simama mbali kidogo. Ukuta wako utakuwa mweusi kuliko kadi, hilo usilijali. Tazama kama mmoja unaonekana wa ubaridi na mwingine la. Kadi haidanganyi.

Mzee wa Tabata

Vijana, mnajenga nyumba au mnajenga studio? Sisi tulipaka chokaa, nyumba ikawa baridi, mgeni anaiona kutoka kituoni. Sasa hivi mtaa wetu mzima kijivu. Mtu akielekezwa "nyumba ya kijivu yenye geti jeusi" anazunguka mpaka jua linazama.

Bint Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Huku Unguja tuko upande wako. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nyeupe, na weusi wote umeachiwa mlango wa mti. Ukuta unarudisha jua, mlango unabeba heshima. Na huwezi kuamka tu ukapaka rangi ya makaa nje, maana mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na sura ya nje ya nyumba ina mamlaka yake ya kuulizwa.

Nimwongezee fundi jambo kwa wenye nyumba za kale. Kaka yangu alipaka kijivu cha plastiki chumba kimoja cha ndani, juu ya ukuta wa chokaa. Ukapendeza. Masika yalipoingia rangi ikaanza kuvimba, ikabanduka vipande vipande. Chokaa inavuta unyevu na kuutoa, ukiifunika na ngozi ya plastiki maji yanatafuta pa kutokea. Anayetaka kijivu kwenye ukuta wa namna hiyo atumie rangi ya chokaa iliyotiwa rangi ya unga, na akubali kwamba haitakuwa nzito kama ya ndoo.

Mzee wa Tabata

Marahaba binti. Angalau mmoja kanisikia.

Bwana Kigamboni

Mleta mada naona unatisha watu. Nyumba yangu ni kijivu kilichokolea pande zote nne, paa la kujificha, na sijutii. Nina A/C kila chumba. Mtu anajenga mara moja maishani, aache anachokipenda kwa sababu ya jua?

Fundi Rola

Bwana Kigamboni, hela yako, nyumba yako, sina neno. Nauliza tu: ukuta wa magharibi una rangi ileile na wa kusini mpaka leo?

Bwana Kigamboni

Umepauka kidogo. Wa magharibi.

Fundi Rola

Haya. Ndicho nilichokuwa nakitafuta, na siyo kwa ubaya. Rangi zote zinapauka na kutoa vumbi juani, ila nyeupe ikipauka inabaki nyeupe. Hii inapauka mbele za watu. Ukipaka tena magharibi peke yake haitafanana na pande nyingine, itabidi upake nyumba nzima. Hiyo hesabu mtu aiweke mezani mapema, pamoja na umeme wa LUKU.

Bwana Kigamboni

LUKU nalipa mwenyewe.

Baridi ya Njombe

Nyie watu wa Pwani mnaongea kana kwamba nchi nzima inatoka jasho. Huku Njombe mwezi wa Juni na Julai, ukiniambia ukuta wa magharibi utatunza joto mpaka usiku, nitakuuliza ndoo inauzwa wapi. Nyumba yangu kijivu kiko magharibi na kaskazini, kwa hesabu yako mwenyewe fundi, kwamba Juni jua liko kaskazini. Chumba cha watoto kiko pembe hiyo na ndicho chenye nafuu.

Ila nina kero moja. Nilipaka na ukanda wa chini kijivu kwa ajili ya matope. Udongo wetu mwekundu. Mvua ikipiga chini, ukanda wote michirizi myekundu.

Fundi Rola

Njombe uko sahihi kabisa, na hesabu yako nimeipenda. Kwa baridi hiyo hata mimi ningepaka magharibi.

Ukanda wa chini unafuata udongo wa mahali. Udongo wa kijivu, kijivu kilichokolea kinauficha vizuri. Udongo mwekundu, wa Goba, Kimara, Moshi au kwenu, paka kahawia nyekundu ya oksaidi kama wazee walivyokuwa wakifanya. Hawakuwa washamba. Kimo chake sentimita 50 hadi 60 kinatosha, maana matone yanayoruka kutoka chini mengi hayafiki juu ya hapo. Ukipenda kijivu lazima, mwaga kokoto nusu mita kuzunguka nyumba, matope hayataruka.

Syokimau Moja

Wakubwa wa Bongo, salamu kutoka Syokimau. Hiyo rangi hapa Nairobi imekuwa sheria, kila gorofa jipya la kupangisha ni kijivu na nyeupe. Naomba niongee kama mtu ambaye amesimamia ngazi na koridoo za watu.

Kijivu kilichokolea kisichong'aa kwenye koridoo ni hasara. Mtu anahama na makochi, kona zote zinabaki na alama nyeupe. Mtoto anapita na mkono wa chapati, alama ya mafuta. Ukiisugua hiyo alama ndio unaiharibu kabisa, pahali ulisugua panaanza kung'aa na kwingine hakung'ai. Ukipaka kiraka nacho kinaonekana. Landilodi wetu mwishowe alikubali nusu ya chini iwe rangi ya mafuta, nusu ya juu nyeupe ya maji. Sasa keateka, mtunza jengo, anapitisha kitambaa tu.

Kwa hivyo kabla upake, jiulize nani anapita hapo na amebeba nini.

MamaZuu

Syokimau umenitisha, ukuta wangu wa TV ndio njia ya kwenda chumbani kwa Zuu.

Mrejesho: nimebadilisha balbu kama Kamera Tatu alivyosema. Bluu imepungua sana lakini haijaisha. Baba Zuu sasa anasema na yeye anaiona. Nimeshinda nusu kesi.

Fundi Rola

Nusu iliyobaki ni ya ndoo, dada. Kijivu cha nyeupe na nyeusi peke yake huvuta kwenye bluu, hasa ukikitanua ukutani. Kukituliza kunahitaji njano ya oksaidi kidogo, na pengine tone la nyekundu ya oksaidi. Nasema kidogo. Njano ikizidi kwenye weusi unapata kijani cha jeshi, hapo utalia zaidi. Rudisha ndoo dukani waongeze kwa mashine na wakuandikie vipimo kwenye kifuniko. Fundi asikuongezee kwa kijiko nyumbani, ndoo ya pili hataipata tena.

Kwa ajili ya Zuu: chukua yenye mng'ao mdogo, ile ya kati, inafutika kwa kitambaa chenye maji. Rangi isiyong'aa kabisa ndiyo inayoonekana nzito na ya kifahari kwenye picha, lakini iachie ukuta ambao hakuna mkono unaoufikia, kwa mfano nyuma ya kichwa cha kitanda. Ubaya wa mng'ao ni kwamba taa ikipiga kutoka pembeni, kila bonde na kilima cha plasta kinajitokeza. Kwa hiyo skimu, ule mpako laini wa juu ya plasta, lazima ipigwe vizuri.

Shemeji wa Dodoma

Na vumbi? Mbona mnaruka vumbi? Dodoma Agosti, upepo ule, rafu nyeusi ukiifuta asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako.

Fundi Rola

Shemeji, ukuta uliosimama haushiki vumbi sana, linaloshika ni lililolala: kingo za madirisha, rafu, juu ya makabati. Hivyo vipake rangi ya vumbi lenu. Sitanii.

Neti Mbovu

Mmesahau mbu. Mbu mchana wanapenda kutulia pembe za giza. Chumba cha kijivu kilichokolea utawafukuza kwa kusikia tu.

Kamera Tatu

Hilo lina ukweli, mbu hupumzika sehemu zenye giza na kivuli. Lakini mkuu, jina lako limeshataja tatizo liko wapi.

Bajeti Finyu

Wakuu mimi nimepanga chumba na sebule, mwenye nyumba kakubali nipake ukuta mmoja tu. Upana mita 4, kwenda juu mita 3. Sasa hivi ni pichi. Rangi ninunue kiasi gani, na nahitaji mikono mingapi, yaani nipake mara ngapi? Naogopa kununua lita 20 zikae uvunguni.

Fundi Rola

Mpangaji mwenye akili. Ukuta mmoja ndiyo dozi ninayopenda, na uwe ule usio na dirisha, ulioelekeana na dirisha. Ukiupaka ule wenye dirisha, mchana mwanga utakupiga machoni na ukuta utabaki shimo jeusi pande zote mbili.

Hesabu yako ni mita za mraba 12. Lita moja kwenye ukuta laini inakwenda kama mita 10 kwa mkono mmoja. Ukipiga mikono mitatu ni mita 36, yaani lita tatu na nusu hivi. Galoni ya lita 4 inakutosha na unabaki na akiba ya viraka. Usikubali upewe ya kuchanganywa kwenye ndoo ya rangi nyeupe ya kawaida. Rangi iliyokolea inachanganywa kwenye ndoo maalumu isiyo na weupe mwingi, vinginevyo watatia wino mpaka ndoo ijae na bado utapata kijivu cha katikati.

Kwa sababu hiyo ya weupe kuwa mdogo, rangi hizi hazifuniki haraka. Pichi yako itachungulia. Piga kwanza andakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu cha kati, siyo nyeupe, utaokoa mkono mmoja mzima. Ukianza ukuta, umalize. Ukikata katikati kwenda kunywa chai, mahali ulipoishia pataonekana maisha. Kiraka nacho usipake doa, paka kutoka kona hadi kona.

Dari liache jeupe. Na mwenye nyumba akija kukubali upake kuta tatu zilizobaki, zisiwe nyeupe ya hospitali, tafuta nyeupe iliyopoa kidogo, mkato usiwe mkali sana.

Mzee wa Tabata

Ukuta mmoja nakubali. Mmoja.

Bajeti Finyu

Asante sana mkuu. Ukuta una makovu ya misumari ya mpangaji aliyenitangulia na stika za watoto. Msasa namba ngapi?

Fundi Rola

Stika zilainishe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, gundi ikibaki rangi itaikataa. Ziba matundu, acha yakauke, piga 120 kuondoa vilima kisha 220 kulainisha. Futa vumbi lote kwa kitambaa kibichi, subiri ukuta ukauke ndipo uweke andakoti. Na fungua dirisha.